Bastola ya Mkono wa Mlezi

Kulikuwa, na nasikia bado kuko, na nchi moja ambayo jina lake silitaji, kwa kuwa kulitaja bila kibali ni kosa, na mimi kibali sina. Ni nchi nzuri tu. Ina bendera, ina bendi ya jeshi, ina magereza ya kumtosha kila mtu, na ina Mtukufu Mlezi, ambaye amewasamehe wananchi wake mara nyingi ingawa wao hawajui walimkosea nini.

Watu wa nchi ile hawapeani mikono. Wanagonganisha ngumi, maana Mtukufu Mlezi mwenyewe hana ishara nyingine hadharani ila ngumi yenye glavu nyeupe. Ngumi hiyo iko kwenye sarafu, iko kwenye kofia za polisi, iko juu ya keki za harusi. Watoto wa shule hawanyooshi vidole darasani. Wanainua ngumi, na mwalimu akisie mwenyewe nani anajua jibu na nani anataka kwenda chooni. Ukionekana barabarani umekunjua vidole bila sababu ya msingi, askari atakuuliza unamwomba nani, na unamwomba nini.

Kila mwaka, Siku ya Mkono, Mtukufu hufanya mambo mawili uwanjani. Kwanza hupiga risasi moja hewani kuufungua mwaka. Halafu wafungwa hupitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akimwonyesha mfungwa kiganja wazi, huyo yuko huru, aende zake. Akimwonyesha ngumi, arudi alikotoka. Watu wazima wanakumbuka kwamba zamani kiganja kilikuwa kinafunguka. Kisha ukaja mwaka ambao Mtukufu aliugua mafua kwa miezi mingi, asionekane na mtu, na tangu apone wafungwa wote wamepata ngumi. Wananchi walisikitika, lakini pia walijivunia kuwa na kiongozi mwenye msimamo.

Sasa, mwaka jana likatokea balaa. Mtukufu alipoinua bastola mbele ya umma, ilimponyoka. Ilianguka, ikagonga ngazi ya jukwaa, ikafyatuka yenyewe, na risasi ikaipasua ngoma kubwa ya bendi ya jeshi katikati ya wimbo wa taifa. Hakuna aliyeumia isipokuwa mpiga ngoma, ambaye alifukuzwa kazi kwa kuacha kupiga.

Bastola ilikamatwa papo hapo. Ikapandishwa kizimbani, ikasomewa shitaka la uhaini, na ilipoulizwa kama inakubali au inakataa, ikakaa kimya, jambo ambalo hakimu alilitaja kuwa ni kiburi. Ikapewa kifungo cha maisha. Pamoja nayo alihukumiwa Chande, mchonga mipini, ambaye ndiye aliyeagizwa kuivalisha bastola ile mpini wa mpingo. Chande alijitetea kwamba asingeweza kuchonga mpini wa mkono ambao hakuruhusiwa kuupima wala kuuona bila glavu. Hakimu akamshukuru kwa kukiri, kisha akamfunga mpaka siku atakapoonyeshwa kiganja wazi.

Mkewe Chande, Somoe, alikuwa pale mahakamani, na aliposikia hukumu alishusha pumzi.

"Basi ni mwakani tu," alimwambia shangazi yake. "Mtukufu naye ni binadamu. Atamtazama usoni, atamwonea huruma."

Shangazi alitaka kusema kitu, akamwona askari, akagonganisha ngumi na askari, wakaenda zao.

*

Somoe alikuwa msusi. Kwa sheria ya nchi ile wasusi huruhusiwa kukunjua vidole, lakini ndani ya nyumba tu na pazia likiwa limeshushwa. Kidole chake kidogo cha kulia kilivunjika utotoni kikaunga vibaya, kikabaki kimepinda kwa nje, hakina msaada wowote kwenye kusuka. Kazi yake ilikuwa kumfukuza Chande. Maana Chande alikuwa na tabia ya kuingia ukumbini akiwa na vumbi la mbao mwili mzima, akawasimulia wateja habari zisizo na kichwa wala miguu, na Somoe, vidole vyake vyote vikiwa vimezama kwenye nywele za watu, alimpungia kwa kile kimoja kilichopinda: toka, nina kazi. Naye Chande alitoka akicheka. Sasa kidole kile hakikuwa na wa kumfukuza, na nyumba ilimchukiza Somoe kwa ukimya wake.

Serikali nayo haikulala. Siku ya Mkono ilikuwa inakaribia, na iliundwa Tume ya Taifa ya Kutafuta Bastola Inayokaa Vizuri Mkononi, chini ya Mheshimiwa Makarasha, Waziri wa Tafsiri. Huyu ndiye husimama kuliani kwa Mtukufu uwanjani na kuwaeleza wananchi mkono umesema nini. Ni mtu mnene, mpole, mwenye sauti nzuri, na sijapata kukutana na mtu aliyewahi kupona baada ya kuzungumza naye.

"Ndugu zangu," aliwaambia wajumbe wa Tume, "mkono wa Mtukufu hauna kasoro. Hilo tumelikubali kwa kura. Kwa hiyo kasoro iko kwenye bastola zote duniani. Tutafute ambayo bado haijaharibika."

Tatizo likawa kipimo. Kuushika mkono wa Mtukufu ni marufuku. Mjumbe mmoja akakumbuka kwamba siku alipotwaa nchi, Mtukufu aliukandamiza mkono wake kwenye saruji mbichi pale Uwanja wa Mkono, na alama ipo hadi leo. Tume ikaenda na futi kamba. Walichosahau ni desturi yao wenyewe, kwamba kila waziri mpya akiapishwa huenda pale na patasi, akaichonga ile alama iongezeke kidogo, kuonyesha heshima. Mawaziri wamekuwa wengi. Bastola iliyoagizwa kwa kipimo kile ilifika bandarini ndani ya kontena lake peke yake, ikashushwa kwa winchi, na mpini wake ulikuwa mnene kuliko kiuno cha Makarasha. Mtukufu aliitazama kupitia dirishani, akauliza kama ni mtambo wa kuchimba visima. Mwenyekiti wa kamati ya vipimo hajaonekana tangu chakula cha mchana cha siku ile.

Hapo ndipo likatolewa wazo jingine. Kabatini kulikuwa na glavu za Mtukufu za zamani, za kabla ya mafua. Atafutwe mwananchi ambaye glavu hizo zinamkaa barabara, ajaribu bastola kwa niaba ya Mlezi, na itakayomkaa yeye itamkaa na Mtukufu. Tangazo likapigwa redioni. Wanaume waliitwa kwanza, wanajeshi mbele. Majenerali walisukuma mikono yao ndani ya glavu ile mpaka wakatoka jasho, na kila mshono ulipolia, jenerali mmoja alistaafu. Glavu ilikuwa ndogo. Hakuna aliyelisema neno hilo. Taarifa rasmi ilieleza kwamba mikono ya wanajeshi imevimba kwa sababu ya uzembe.

Somoe alipanga foleni siku ya wanawake, ambayo haikutangazwa, ilinong'onwa tu. Aliingiza mkono. Glavu ikamkaa kama ngozi yake, isipokuwa kidole kidogo, ambacho kilisukuma kitambaa kwa nje. 

"Ni mwanamke," akanong'ona katibu wa Tume mezani.

Makarasha akafumba macho, akawaza, akayafumbua. "Kuanzia leo," alisema, "kwa mujibu wa sheria, kutoka begani kushuka kwenye vidole huyu ni mwanamume. Kwingineko abaki alivyo. Hongera sana, mama."

"Ahsante, mheshimiwa. Nina ombi moja tu. Mume wangu Chande yuko gerezani."

"Mama yangu, mimi nani? Anayefungua magereza ni kiganja. Wewe tusaidie kuutunza mkono, na mkono utakutunza."

Somoe akaona ni maneno ya haki, akakubali.

*

Walimweka kwenye chumba cha nyuma cha Ikulu, wakamletea bastola. Zilikuja za kila namna. Nyingine mpini wake ulikuwa mrefu, kidole kikawa kinapapasa pale pa kufyatulia bila kupafikia. Nyingine ilikuwa na mtutu mzito, ikampindua kifundo cha mkono kuelekea chini. Moja, zawadi ya nchi rafiki, ilikuwa na vito vya thamani kila mahali ikamchuna kiganja, na ililazimu itolewe taarifa ya kuishukuru nchi rafiki. Kila bastola iliyoshindwa ilipelekwa rumande, na aliyeileta aliisindikiza.

Mwisho zikaisha. Ikabaki ile mfungwa. Ikaletwa na askari magereza wawili, imetiwa pingu kwenye mtutu, na kabla ya kuifungua wakamsomea Somoe onyo kwamba ni mhalifu wa hatari.

Somoe akaishika. Mpini ulilala kiganjani bila kuusukuma. Kidole cha shahada kilifika kinapotakiwa kufika. Na kule chini, mahali ambapo bastola zote zilikuwa zimekiacha kidole chake kidogo kikielea hewani, palikuwa na kijishimo kilichochongwa ubavuni, kimepinda kwa nje. Kidole kikaingia kikatulia.

Akaelewa. Walimwamuru Chande achonge mpini wa mkono asioujua, naye hana mkono mwingine anaoujua. Ameushika huu miaka yote ya ndoa yao. Somoe aligeukia ukutani akalia kwa uchungu na kwa mapenzi, askari wakiwa wanatazama saa zao.

"Hii," alisema. "Hii inakaa."

*

Wakampeleka kwa Mtukufu amwonyeshe namna ya kuishika. Walipofika mlangoni Makarasha alimwambia afuate itifaki: mkono wa kulia wa Mlezi unapotokeza, waliopo hutazama dari. Somoe hakuwa mzoefu wa Ikulu. Akasahau kutazama dari.

Mtukufu Mlezi alikuwa mzee mdogo ndani ya joho kubwa, anakunywa uji. Kijiko kilikuwa kimechomekwa kwenye ngumi, katikati ya vidole, kama bastola ilivyokuwa ikichomekwa kila Siku ya Mkono, nao walinzi wakakichomoa kwa adabu, macho yao juu. Somoe alimsogezea bastola. Ngumi haikufunguka. Alingoja. Kisha, kwa mazoea ya mtu ashikaye vichwa vya watu kila siku, alikigusa kidole kimoja ili akikunjue taratibu. Kidole kilikuwa kikavu, kigumu, kimezama kwenye kiganja.

"Usinishike!" alifoka Mtukufu. "Makarasha! Bastola hii mbovu!"

"Mbovu kupindukia, Mtukufu," Makarasha aliijibu dari.

Huko nje ukumbini, Somoe alisimama akakataa kutembea.

"Mkono haufunguki," alisema.

"Mama, wewe umeona nini?"

"Nimeona mkono wa mzee uliopooza, haufunguki!"

"Umeona msimamo."

"Na wale wote waliorudishwa gerezani miaka yote hii? Walikuwa wanangoja kuonewa huruma na kitu ambacho hakiwezi hata kushika kijiko?"

"Walirudishwa na msimamo," alisema Makarasha kwa upole. "Sasa nisikilize vizuri, maana nitasema mara moja. Bastola imekukaa wewe. Mtukufu haimkai. Nawe mkono wako ni wa kiume na wa kiserikali. Basi utavaa glavu, utaketi nyuma ya kiti chake ndani ya joho, mkono wako utoke kwenye joho pale ulipotakiwa kutoka wake. Utapiga risasi hewani, utairudisha bastola ndani, halafu kila jina litakaposomwa utatoa ngumi."

"Ngumi kwa wote?"

"Kiganja kikifunguka leo, watu watauliza kwa nini hakikufunguka jana."

"Na Chande?"

Makarasha akamgonga begani kwa ngumi, kidogo, kama ndugu. Somoe alimchukia mtu yule. Lakini alikwisha kufahamu ni mkono wa nani utakaokuwa nje ya joho Chande atakapopita, naye akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, mheshimiwa."

*

Siku ya Mkono ilipendeza mno. Mabalozi walikuwepo, ngoma mpya ilikuwepo. Kiti cha Mtukufu kilikuwa kimekatwa tundu mgongoni, na Somoe alikuwa kwenye kigoda nyuma yake, giza tupu, joto, harufu ya mafuta ya kuchua. Mkono wa kweli wa Mtukufu ulikuwa umefungwa tumboni kwa mkanda. Bastola ilijazwa risasi zote, kwa kuwa mkuu wa walinzi alisema heshima ya Mlezi haikubali bastola nusu.

Mkono ukatoka, ukainuka, ukapiga risasi. Mwaka ukafunguka. Watu walishangilia mpaka Somoe akahisi kiti kinatetemeka, na kwa muda mfupi, nisifiche, alisikia raha.

Kipaza sauti kikasoma jina la mfungwa wa kwanza, mzee aliyefungwa kwa kupiga miayo wakati wa hotuba. Somoe akatoa mkono, akaufungua. Kiganja wazi, vidole vyote, kweupe.

 Mama mmoja akaanza kupiga kigelegele, akakosa ujasiri, akakimeza.

"Ndugu wananchi!" Sauti ya Makarasha ilikuwa tamu kuliko siku zote. "Mmejionea wenyewe. Mtukufu Mlezi, kwa hekima yake, mwaka huu ametuletea ishara mpya. Kiganja wazi maana yake ni: simtaki. Mfungwa arudi."

Watu wakashangilia. Ndani ya joho Somoe akauma mdomo. Haya, akasema moyoni. Jina la pili liliposomwa akatoa ngumi.

"Ngumi!" alisema Makarasha. "Msimamo uleule tuliouzoea. Arudi."

Kwa mfungwa wa tatu alitoa kidole kimoja, hata yeye hakujua kwa nini.

"Kidole kimoja. Arudi, na aongozane na ndugu yake mmoja."

Wakamkamata ndugu palepale kwenye majukwaa, alikuwa anakula karanga. Hapo Somoe alielewa kwamba mkono wa Mtukufu haukuwahi kuwa na maana yoyote, ukiwa mzima wala ukiwa umepooza. Chochote utakachowaonyesha, mnene yule atakigeuza kuwa gereza. Na kipaza sauti kikasema:

"Chande, mchonga mipini!"

Mkono ukarudi ndani. Nguo ikaning'inia tupu.

"Ishara nyingine mpya," alianza Makarasha. "Mkono mtupu maana yake..."

Ukatoka na bastola. Somoe hakuwa anaona kitu, lakini sauti aliisikia iko wapi, upande wa kulia, hatua moja tu, na mpini wa Chande ulikuwa umemkaa vizuri kiasi kwamba hakuhitaji kuona. Mtutu ulitembea taratibu hadi ukakoma mbele ya ile sauti. Sauti ikakatika.

Mkuu wa walinzi alikuwa ameapa maisha yake yote kuutii mkono ule. Akaupigia saluti.

"Makarasha," alinong'ona Mtukufu meno yakiwa yamebana, "huu si mkono wangu. Waambie."

"Waambie wewe, Mtukufu," alinong'ona Makarasha. "Uwaonyeshe na wako."

Mtukufu akatazama mabalozi, akatazama dari, lakini uwanjani hakuna dari. 

"Ishara hii," alisema Makarasha kwenye kipaza sauti, na utamu wote ulikuwa umemtoka, "maana yake..." Mtutu ukamgusa shati. "Huru! Yuko huru. Na wale watatu pia. Na yule ndugu na karanga zake."

Lakini nyayo za Chande hazikusikika zikiondoka. Somoe alitega sikio. "Mfungwa, umeachiwa, ondoka," kilisema kipaza sauti.  Chande alikuwa amesimama chini ya jukwaa, anautazama mpini alioufungiwa, na kidole kidogo ndani ya glavu nyeupe kilichokaa kwenye kijishimo chake, kimepinda kwa nje. Katika umati wote ule ni yeye peke yake aliyejua nani yuko ndani ya joho, na hakuwa tayari kumwacha.

Basi kidole kile kikajitenga na mpini. Kikapunga. Toka, nina kazi.

Chande alitoka. Alilia waziwazi mbele ya watu, nao wakadhani ni furaha, wakampisha.

*

Sheria ya nchi ile inasema sherehe huisha mkono ukishuka. Mkono haujashuka. Wafungwa wote wamekwisha kupita, wakafuata walio rumande, wakafuata ambao kesi zao hazijabuniwa, na kila jina Makarasha analitafsiri vilevile kwa sauti iliyokauka. Magereza yamebaki na popo. Mabalozi wanasinzia vitini, na bendi imerudia wimbo wa taifa mpaka imeanza kuusahau. Watu wanatembea kuelekea mpaka na magodoro vichwani, vidole vimekunjuliwa, wanapungiana njiani bila sababu ya msingi. Chande amevuka, lakini kila mgeni akifika kutoka huko humkimbilia na swali lake ni moja tu, kama mkono bado uko juu.

Nami nimeulizia kwa ajili yake. Uko juu. Ila walioutazama leo asubuhi wananiambia mtutu umeanza kutetemeka kidogo, na kwamba Makarasha ameliona hilo, na amekunywa maji, na anasafisha koo.